Mkatizo: jina la Kiswahili la transekti

Kijana wa Kamanyola, mashariki mwa Kongo, anayeanza kujifunza kazi ya kuhesabu wanyamapori hukutana mapema na neno transekti, tena kwa Kifaransa. Akitaka kulisema kwa Kiswahili, tafsiri inayomjia haraka ni "njia ya kuhesabia". Tafsiri hiyo inampotosha kabla hajaingia porini, kwa sababu sifa ya kwanza ya transekti ni kwamba haifuati njia.

Njia huenda pale ardhi inaporuhusu. Aliyewahi kushuka kutoka Nyangezi kwa barabara ya Ngomo anajua jinsi inavyojipinda mlimani mpaka kufika uwandani. Njia ya miguu nayo hukwepa tope, huzunguka mwamba, hutafuta kivuko. Wapo wanyama wanaopenda kutumia njia, na wapo ambao wameshaonja risasi na mitego, hivyo huzikimbia njia. Anayehesabu akiwa njiani atawaona wa kundi la kwanza kupita kiasi, na wa kundi la pili atadhani wamekwisha. Transekti ni mstari ulionyooka, unaochorwa kwenye ramani kabla mtu hajavaa buti, kisha hufuatwa kwa dira hata ukiingia kwenye kichaka kinene au korongo. Mpimaji hachagui pa kupita. Mahali pa kuanzia hupatikana kwa bahati nasibu, na mistari mingine hufuata kwa nafasi zilizo sawa, ili kila kipande cha eneo kipate nafasi sawa ya kuangukiwa na mstari.

Jina lenyewe limetoka katika Kilatini, likiunganisha wazo la kuvuka na wazo la kukata. Kiswahili tunacho kitenzi kinachobeba mawazo hayo mawili kwa pamoja: kukatiza. Mtu akiacha barabara akapita katikati ya shamba, tunasema amekatiza shambani. Kwa hiyo napendekeza mkatizo, wingi wake mikatizo. Najua kwamba kukatiza pia ni kumkata mtu kauli, lakini anayesoma habari za msitu na wanyama hatachanganya maana hizo. "Mstari wa hesabu" si kosa, ila unasema umbo la kitu na kuacha kazi yake. Mstari unaweza kufuata ukingo wa mto; mkatizo hauwezi.

Hapo ndipo Kamanyola yenyewe inapofaa kuwa darasa. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kushuka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye mita zipatazo 770. Kamanyola iko pale milima inapoachia na uwanda kuanza. Ukitembea kando ya mto peke yake utaona viboko na ndege wa majini, ukarudi na picha ya ukingo ukiiita picha ya uwanda mzima. Mkatizo huanza majini na kuondoka ukiupa mto mgongo: matete, mashamba, nyasi, kisha miguu ya milima. Kanuni ya jumla ndiyo hiyo: mkatizo huvuka mabadiliko ya ardhi, hausafiri nayo sambamba.

Kazi yenyewe hutaka utulivu. Katika misitu ya Kongo hutumika topofili, kikasha kinachofungwa kiunoni chenye uzi unaofunguka nyuma ya mpimaji na kuhesabu mita alizotembea. Mbele yake yuko mwenye dira. Wa kufungua mstari ni vizuri atumie mkasi wa kupogolea badala ya panga. Panga lina kelele, na tena huacha uwazi ambao kesho mwindaji haramu ataufanya njia yake. Huu si ushauri mdogo. Timu iliyokuja kuhesabu wanyama inaweza kuwafungulia mlango wanaowaua.

Mnyama au alama yake ikionekana, hupimwa umbali wa pembemraba, yaani kutoka kilipo kitu hadi kwenye mstari kwa njia ya mkato, wala si kutoka kilipo hadi miguuni pa mpimaji. Wanafunzi wengi huteleza hapa. Umbali huo ndio unaosaidia kukadiria ambavyo havikuonekana: karibu na mstari tunaona karibu kila kitu, na kadiri tunavyotazama mbali ndivyo vingi vinavyotupita. Wataalamu hushauri kupata angalau vitu 60 hadi 80 ndipo mchoro wa upungufu huo uaminike.

Kwa gorila, kinachohesabiwa zaidi ni viota. Kila gorila aliyeacha kunyonya hutengeneza kiota kipya kila jioni. Mtoto hulala na mama yake. Tuchukue mfano wa darasani: mkatizo wa kilomita 10, upana unaoaminika mita 10 kila upande, viota 60. Eneo lililotazamwa ni kilomita za mraba 0.2, hivyo ni viota 300 kwa kilomita ya mraba. Ikiwa kiota hudumu siku 100 kabla hakijapotea, basi kila gorila ana viota 100 vilivyosimama, na wanyama wenyewe ni 3 kwa kilomita ya mraba. Badilisha siku hizo ziwe 50 na gorila wanakuwa 6. Mvua, mwinuko na aina ya majani hubadilisha umri wa kiota, na ndiyo maana mtu mwenye subira anayerudi wiki baada ya wiki kutazama viota vilevile vikioza ana thamani sawa na mwenye kompyuta.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa gorila wa Grauer, anayeishi mashariki mwa Kongo pekee, na ambaye Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyo karibu na Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1970, ni ngome yake kubwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1998 yalisema wako wapatao 16,900. Mwaka 2016 mtafiti Andrew Plumptre na wenzake walitoa idadi ya 3,800, na mwaka huohuo gorila huyu akatangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2021 makadirio yakawa 6,800. Anayesikia habari hizi redioni anaweza kudhani gorila walikaribia kuongezeka mara mbili ndani ya miaka mitano. Mnyama anayezaa polepole kama gorila hawezi. Kilichoongezeka ni data, zikiwemo za maeneo ambayo awali usalama haukuruhusu kuyafikia. Vita huua wanyama, na pia hufuta mikatizo kwenye ramani.

Mkatizo haufai kila mahali. Gorila wa milimani wa Virunga na Bwindi, ambao idadi yao iliyotangazwa mwaka 2019 ilikuwa 1,063, huhesabiwa kwa timu zinazopekua eneo lote na kupima vinasaba katika kinyesi, kwa kuwa ni wachache na makazi yao ni madogo. Lakini kwa msitu mkubwa na mikono michache, chombo kilichopo ni mkatizo.

Walimu wa biolojia wa Bukavu, Uvira na Kamanyola, na ninyi mnaotayarisha kamusi za sayansi Dar es Salaam na Nairobi: lijaribuni neno hili darasani na porini. Likishindwa kazi, litafutiwe lingine. Ila msimwachie mwanafunzi "njia", maana ataifuata.