Mradi umekwisha, faida iko wapi? Somo la usimamizi wa mikakati kwa macho ya Mpwani

Mwaka 2016 mfadhili mmoja alitujengea nyumba ya barafu kwenye bandari yetu ndogo ya wavuvi, kusini mwa Mombasa. Wakati huo nilikuwa katibu wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi wa pale kwetu. Kazi ilikwisha kwa wakati na pesa hazikupitiliza bajeti. Siku ya uzinduzi palipikwa pilau, utepe ukakatwa, na ripoti ikaandikwa kwamba mradi umefaulu. Baada ya miezi minane mashine ikanyamaza. Leo mle ndani mna nyavu chakavu na, mvua ikinyesha, mbuzi wa jirani.

Ni ile nyumba iliyonipeleka darasani. Nilitaka kujua mradi unaweza vipi kufaulu kwenye karatasi na kufa ufuoni. Kwa miaka miwili nikawa navuka feri ya Likoni jioni baada ya kazi, kusoma usimamizi wa miradi, na ndani yake lile somo ambalo vijana wengi huniuliza habari zake: usimamizi wa mikakati katika miradi na programu za maendeleo. Naandika hapa kwa anayefikiria kulisoma, na pia kwa asiye na nia ya kusoma lakini anaishi jirani na mradi. Huku Pwani hao wa pili ndio wengi.

Kwanza tupambanue maneno. Mradi ni kazi yenye mwanzo, mwisho, bajeti na kitu kinachokabidhiwa: gati, kisima, darasa. Programu ni miradi kadhaa inayoongozwa pamoja kwa sababu faida yake haipatikani mmoja ukisimama peke yake. Mkakati uko juu ya vyote viwili. Ndio unaosema tunataka kufika wapi, kwa nini huko, na tutaacha nini ili tufike. Mhadhiri wetu alipenda kusema kwamba meneja wa mradi huulizwa kama amejenga sawasawa, na meneja wa programu huulizwa kama kilichojengwa kimebadilisha chochote. Swali la kwanza lina majibu rahisi. La pili ndilo linalowakimbiza watu.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao wenyewe, nao ni LAPSSET. Machi 2, 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuuzindua. Ndani yake mlikuwa na bandari ya magati 32, bomba la mafuta, reli, barabara kuu, viwanja vya ndege na miji ya kitalii. Huo si mradi, ni programu, tena ya nchi tatu. Uganda nayo ikaja kuzungumzia kupitisha mafuta yake humo.

Sasa tazama yaliyotokea. Desemba 2013 vita vilizuka Sudan Kusini. Aprili 2016 Uganda ikatangaza kwamba bomba lake litapita Tanzania hadi Tanga. Mwishoni mwa mwaka huo huo Ethiopia ikazindua reli ya umeme ya kwenda Djibouti, bandari iliyoizoea. Huku nyuma, kazi ya magati matatu ya kwanza Kililana iliendelea. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021 na Rais Uhuru Kenyatta, likiwa na urefu wa mita 400 na kina cha maji cha mita 17.5, kinachotosha meli kubwa sana. Kama mradi, magati yapo na ni mazuri. Kama programu, mzigo uliotegemewa kuyalisha ulikuwa umekwisha kutafuta njia nyingine, na reli na bomba havikuwa vimejengwa.

Ndipo nilipoelewa kwa nini tulilazimishwa kuchambua mazingira kabla ya kuandika ratiba yoyote. Wanafunzi hukariri tu: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira, sheria. Wanajaza jedwali, wanapata alama, wanasahau. Lakini nahodha wa jahazi hakuwa na jedwali, na alijua kwamba safari ya kaskazini huisubiri kusi na kurudi huisubiri kaskazi. Akijenga jahazi zuri akang'oa nanga msimu usio wake, uzuri wa mbao haumsaidii. LAPSSET ilitegemea pepo zinazovuma Juba, Kampala na Addis Ababa, na hakuna mhandisi wa Kililana aliyekuwa na uwezo juu yazo. Kazi ya mkakati ni kuuliza mapema: wale wakibadili nia, sisi tutafanyaje? Tutajenga magati mangapi kwanza, na ya mzigo wa nani?

Sehemu ya pili iliyonigusa ni ya wadau. Mwaka 1984 R. Edward Freeman, msomi wa Marekani, alichapisha kitabu kilichoeneza wazo kwamba shirika haliwajibiki kwa wenye mali peke yao, bali kwa kila anayeguswa na kazi yake. Baadaye walimu wakazoea kuchora jedwali la vyumba vinne: huku nguvu, huku haja. Mwenye nguvu nyingi na haja kubwa, shirikiana naye kwa karibu. Mwenye haja kubwa lakini nguvu ndogo, mpe habari.

Kwenye zoezi la darasani karibu kila mtu aliwaweka wavuvi wa Lamu kwenye chumba hicho cha "mpe habari". Nami niliwaweka humo, mtoto wa mvuvi! Mhadhiri akatuuliza kama tumesoma hukumu ya Malindi. Aprili 30, 2018 Mahakama Kuu ilikubali madai kwamba bandari ilianzishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo na bila kuheshimu haki zao za mazingira na utamaduni, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa Lamu, na moja ya sababu ilikuwa hiyo hiyo ya ushirikishaji. Basi wale wa chumba cha nguvu ndogo walikuwa na Katiba ya 2010 mkononi. Jedwali halikukosea. Tuliolijaza ndio tuliokosea, kwa kudhani nguvu ni pesa na cheo tu.

Nikirudi kwenye nyumba yetu ya barafu, hapo ndipo nilipoona kosa, na sehemu kubwa lilikuwa letu. Tulipokaa na mfadhili tulisema shida yetu ni samaki kuharibika. Ni kweli walikuwa wakiharibika. Lakini hatukusema jambo ambalo kila mtu ufuoni alilijua: wavuvi wetu wengi wamepewa nyavu na mashine za boti na tajiri kwa deni, na mwenye deni humuuzia tajiri samaki wote, kwa bei ya tajiri, pale pale chombo kinapotia nanga. Changu au nguru akiwekwa kwenye barafu siku mbili kungojea bei nzuri, ni wa nani? Tajiri ana barafu yake mjini. Mama karanga wananunua samaki wadogo na kuwakaanga siku hiyo hiyo, hawahitaji barafu. Tulijenga kitu kizuri kwa mteja ambaye hayupo. Wateja wakawa wachache, bili ya umeme ikatushinda, na mashine ilipoharibika fundi alitaka kuitwa kutoka mbali.

Kuna chombo cha kupangia kiitwacho fremu ya mantiki, kilichobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, na mpaka leo wafadhili wengi hukidai. Huandikwa ngazi kwa ngazi: pesa na vifaa vinavyoingia, kitu kinachozalishwa, mabadiliko yanayotarajiwa, na lengo kubwa la juu. Pembeni kuna safu ya mwisho ya mambo mnayoyachukulia kuwa yatakuwa sawa. Watu huijaza safu hiyo mwisho, usiku, wakiwa wamechoka. Fremu yetu ilikuwa imeandikwa pale: "Wavuvi watakuwa huru kuuza samaki wao wanapotaka." Sentensi moja tu. Mradi wote ulikuwa umelala juu yake, na haikuwa kweli. Tangu hapo nikipewa andiko la mradi huanza kusoma safu hiyo kabla ya bajeti.

Nisije nikaonekana nasema kila kitu hupangwa kutoka juu. Henry Mintzberg wa Canada, pamoja na James Waters, waliandika mwaka 1985 kuhusu mikakati ya aina mbili: ule uliokusudiwa tangu mwanzo, na ule unaojitokeza watu wakiwa kazini. Gazi, kule Kwale, ni mfano wa huu wa pili. Watafiti wa KMFRI na wanakijiji walikuwa wakipanda mikoko tangu miaka ya 1990, kurudisha msitu uliokatwa. Biashara ya hewa ya kaboni haikuwa fikra ya mtu yeyote ufuoni. Mwaka 2013 kazi hiyo ikageuka kuwa Mikoko Pamoja: hekta 117 za mikoko ya Gazi na Makongeni, zenye cheti cha Plan Vivo, na mapato yanayokwenda kwenye maji na shule za vijiji hivyo. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kisha Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao, wa zaidi ya hekta 400. Mradi mmoja mdogo ukazaa mwingine, na huenda tunatazama programu ikizaliwa bila kiongozi yeyote kukata utepe. Tofauti yao na sisi ni kwamba pale kamati ya kijiji ilikuwepo, iliamua matumizi, na mapato hurudi kila mwaka kulipia kazi ya kulinda msitu. Sisi tulipewa jengo bila mapato.

Kwa anayetaka kusoma: chuo kikuu kitakupa nadharia na muda wa kufikiri, na tasnifu itakulazimisha ukae na watu uwasikilize. Vyeti vya kitaaluma, kama PMP ya taasisi ya PMI ya Marekani au PRINCE2 iliyoanzia Uingereza, vinafundisha zaidi nidhamu ya kuendesha mradi, na waajiri wanavijua. PMP hutaka uwe umeongoza miradi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo si cheti cha kutoka nacho shule. Kwa upande wa programu kuna mwongozo wa Uingereza uitwao Managing Successful Programmes, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1999. Maoni yangu ni haya: usianze na cheti. Tafuta kwanza mradi uliokufa karibu na kwenu, ubebe maswali yake darasani. Mifano ya vitabuni ni ya viwanda vya magari na kampuni za simu, na bila mradi wako mwenyewe utatoka umekariri herufi za kwanza za maneno.

Na kwa asiyesoma, kuna jambo moja la kujua, kwa sababu mkakati wa kaunti yako una tarehe. Kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kaunti haifai kutumia pesa za umma nje ya mipango yake. Mkubwa ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano, CIDP, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Chini yake kuna mpango wa mwaka, unaopaswa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Hati ya mkakati wa fedha, inayoweka viwango vya juu vya kila idara, hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Watu wetu hujaa ukumbini Mei, wakati wa kusikiza maoni ya bajeti, wakidai barabara na zahanati. Wakati huo viwango vimeshawekwa, na kilichobaki ni kunyang'anyana makombo. Anayetaka jambo lake liwe mradi mwaka ujao afike kabla ya Septemba, na barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri.

Sisi tulipeleka yetu Agosti. Hatukuomba mashine mpya. Tuliomba mkopo wa nyavu wenye masharti nafuu ili vijana watoke kwenye deni la tajiri, mafunzo ya fundi mmoja wa mashine za baridi kutoka kijijini kwetu, na mpango wa kulipia umeme mwaka wa kwanza. Kikao cha kuandika barua hiyo kilikuwa kirefu na chenye maneno makali, maana mara hii tajiri mwenyewe tulimwita akae nasi. Mama karanga mmoja akauliza mbona hatukumwita mara ya kwanza. Hakujibiwa.

Mpango wa mwaka ulipotoka tulikuta kimoja kati ya vitatu, mafunzo ya fundi. Kijana yuko chuoni sasa. Nyumba bado imefungwa na ufunguo uko kwangu.