Muziki wa Chipu na Ukomo Wake

Mwambie mtu wa Katoro kwamba umeleta muziki wa chipu, naye atakuuliza kama unaliwa na mayai. Usimcheke. Chipsi zilifika Geita zamani na kila mtu anazijua, ilhali chipu ya kielektroniki imejificha ndani ya simu ambayo haifunguliwi ila na fundi. Hata hivyo neno lenyewe linatosha, na sioni haja ya kulitafutia jingine. Muziki wa chipu ni muziki ambao sauti yake inazalishwa na chipu yenyewe, papo hapo, kwa kufuata maagizo. Hakuna kilichorekodiwa.

Nenda kwa kijana anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi pale Kahama. Wimbo wa MP3 wa dakika 4 unakula megabaiti 4 hivi, kwa sababu ni sauti iliyokwisha kuimbwa, ikabanwa, ikahifadhiwa. Wimbo wa chipu wa urefu huo unaweza kuenea katika kilobaiti chache tu, maana faili lake lina maagizo: piga nota hii, kwa muda huu, kwa wimbi la umbo hili. Kwa hiyo mlio wa kukwaruza peke yake haufanyi wimbo uitwe wa chipu. Cha kuuliza ni sauti imetoka wapi.

Chipu mashuhuri kuliko zote huenda ni SID, iliyobuniwa na Bob Yannes kwa ajili ya kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982. Ina sauti 3, basi. Game Boy ya Nintendo ya mwaka 1989 ina chaneli 4: mbili za wimbi mraba, moja ya wimbi ambalo mtunzi hujichorea umbo lake, na moja ya ile sauti ya redio isiyo na stesheni. Hiyo ya mwisho wanafizikia wataiita kelele; mimi naona mchakacho unafaa zaidi, kwa kuwa ukiukatakata unapata ngoma, wakati kelele haichezeki.

Sasa tazama hila yenyewe. Una sauti 3, na kodi (sisemi ile ya TRA, nasema ya kinanda) ya do, mi, sol inazimaliza zote. Besi itapigwa na nani? Watunzi wa michezo ya Commodore huko Uingereza, akina Rob Hubbard na Martin Galway, waliibebesha sauti moja kazi ya tatu: do, mi, sol, do, mi, sol, kwa kasi inayofika nota 50 kwa sekunde. Sikio linashindwa kuzitenganisha, linasikia kodi moja inayotetemeka, na sauti 2 zinabaki huru. Mtetemo huo ulianza kama njia ya kuziba pengo. Leo ndio unaoutambulisha muziki huu, na wapo wanaoutia kwa makusudi ndani ya kompyuta zenye uwezo wa kupiga okestra nzima.

Hapo ndipo istilahi ya pili inapohitajika, na hii ndiyo ngumu. Mipaka hii inayomnufaisha msanii tuiite nini? Vikwazo? Kikwazo kinakuzuia usifike. Ufinyu? Huo tumeuzoea ofisini, ni udhuru wa jambo lisilofanyika. Nachagua ukomo, kwa maana ile ile ya ukomo wa bajeti: unajua panapoishia, na yaliyo ndani ni juu yako. Leseni ndogo ya uchimbaji ina ukomo wa hekta 10. Ndani ya vigingi, duara, yaani shimo la mchimbaji, lichimbwe wapi na mwamba ufuatwe vipi ni akili ya mwenye leseni.

Lakini ukomo uko wa aina mbili, na wanaousifia huwa wanazichanganya. Johan Kotlinski wa Sweden alipotengeneza programu ya Little Sound DJ, inayoigeuza Game Boy kuwa chombo cha kutungia, aliwahudumia watu waliokuwa na vyombo vingine tele. Huo ni ukomo wa hiari. Vijana wa muziki wa mchiriku wa Dar es Salaam walishika vinanda vidogo vya Casio kwa sababu ndivyo vilivyopatikana, wakaviunganisha na vipaza sauti vya kuungaunga hadi mlio ukachanika, ngoma zikipigwa kando kwa mwendo wa chakacha iliyopandwa na wazimu. Huo ni wa lazima, na kuusifia ukiwa umeshiba si ustaarabu. Ila Jagwa Music, kundi lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilipotoa albamu yake ya Bongo Hotheads kupitia Crammed Discs ya Ubelgiji, Casio ilikuwa bado ipo mbele. Wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa chaguo. Kwangu mchiriku ndio ndugu wa karibu wa muziki wa chipu tulio nao.

Usukumani kuna ndono: upinde, waya mmoja, fimbo nyembamba na kibuyu. Mpigaji hukisogeza kibuyu kifuani, akikifungua na kukiziba, rangi ya sauti ikabadilika. Mtunzi wa Game Boy hufanya jambo linalofanana na hilo anapobadili upana wa wimbi mraba. Sidai undugu hapo. Chipu haina habari na kibuyu.

Mwenye kutaka kuuonja ukomo huu atafute kitochi cha zamani, Nokia 3310 kwa mfano. Kina programu ya kutunga milio: namba 1 hadi 7 ni do hadi si, 8 na 9 hufupisha na kurefusha nota, 0 ni kimya, nyota hubadili oktava. Nota mwisho 50, na sauti ni moja tu. Jaribu kuingiza wimbo wa Kisukuma wa kulimia. Mwimbishaji hajamaliza, waitikiaji wameshampokea. Simu haiwezi kuwabeba wote. Unaweza kumtupa mmoja, wimbo ukapoa. Au umkate mwimbishaji kabla hajamaliza, ubonyeze nyota, uwashushe waitikiaji oktava moja chini, kisha umrudishe juu. Msikilizaji anayeujua wimbo atajijazia kilichokatwa. Asiyeujua atasikia simu inaita.