Kuiacha Dunia Ukiwa Ndani Yake

Nchi ya Ringwani, katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, kusini ya Mto Mara, ni sehemu ya ardhi ya Wangoreme, watu ambao kwa lugha na mila ni jamaa wa karibu wa Wakuria wa Tarime walio ng'ambo ya mto. Waandishi wanaosimulia habari za hikima, na jinsi mtu anavyoifungua nafsi yake kutoka katika huba ya vitu hata ukweli ukamdhihirikia, aghalabu huanzia kwa watawa wa India au wa jangwa la Misri, wala si desturi yao kuwatazama wafugaji na wakulima wa bara letu. Walakini mimi nasadiki kuwa huku nako liko fundisho kongwe, tena lililo zito, kwamba mtu hukomaa akili siku anapokabidhi kwa hiari yake kile ambacho mkono wake ungali na nguvu za kukishika.

Wakuria na jirani zao hawa Wangoreme huzaliwa ndani ya vizazi vyenye majina, vilivyogawanyika pande mbili, Saai na Chuma. Katika upande wa Saai, mwana wa aliye Saai huwa Nyambureti, mjukuu huwa Gamunyere, kitukuu huwa Maina, na mwana wa Maina hurudi kuitwa Saai kama babu wa babu yake. Upande wa Chuma nao una majina yake manne yazungukayo vivyo hivyo. Jina hilo halinunuliwi wala halipatikani kwa ushujaa, na aliyenalo hujua tangu utotoni kwamba wengine walikuwa nalo kabla yake na kwamba wengine watalichukua baada yake. Kijana hutahiriwa, huoa, hupata watoto, naye akishakuwa na umri wa kufaa huingizwa katika uzee kwa sherehe iitwayo esubo, ambapo heshima yake haitegemei tena mkuki na mbio za mifugo, bali baraka anazotoa na mashauri anayosuluhisha. Huenda msomaji akasema kuwa hiyo ni desturi tu, si falsafa. Mimi namjibu kwamba desturi inayomfundisha kila mwanamume, si mwenye elimu peke yake, kuwa cheo ni amana ipitayo mikononi mwake, imefanya kazi ambayo vitabu vingi vya falsafa vimeshindwa kuifanya.

Ni wajibu hapa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, kuacha na kunyang'anywa. Mzee ambaye ng'ombe wake waliteketea kwa sotoka katika miaka ya 1890, au yule aliyeambiwa na serikali mwaka 1974 avunje mji wake ahamie katika kijiji kilichopimwa, hakuacha kitu. Alinyang'anywa, na moyo wake yamkini ulibaki umefungwa kwa kile kilichopotea kwa kamba kali kuliko ya awali. Umaskini peke yake haumpi mtu mwanga.

Wanazuoni wa Pwani waliijua vema tofauti hiyo, nao wameizungumza kwa jina la zuhudi. Masheikh husema kwamba dunia haidhuru ikiwa mkononi, hudhuru ikiingia moyoni. Na safari ya moyo huieleza kwa daraja za nafsi zilizotajwa katika Kurani, ile iamrishayo maovu, ile ijilaumuyo, na ile iliyotulia. Mwalimu wao mkubwa katika jambo hili ni Imamu Ghazali, ambaye mwaka 1095, akiwa katika kilele cha sifa katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, aliona ulimi wake umemkwama hata hawezi kudarisi, kwani alikuwa ametambua kuwa muradi wake katika kufundisha ulikuwa ni jaha na umaarufu. Akaitawanya mali yake, isipokuwa kiasi cha kuwatosha aila yake, akaondoka kwenda Sham, Baitul Mukadas na Maka. Na baada ya miaka kumi na zaidi alirejea kudarisi, safari hii huko Nishapur. Kurejea kwake ndiko kunakonivutia zaidi kuliko kuondoka kwake. Kitabu chake, Ihyaa Ulumiddin, kilienziwa sana na masharifu wa tarika ya Alawiya wa Hadhramaut, na kwa mikono yao kikasomwa Lamu, Unguja na Ngazija.

Katika ardhi hiyo ya Kiswahili ndipo palipochipuka Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa mwanzoni mwa karne ya 19. Pate, mji ambao mwaka 1728 ulikuwa na fahari ya kutoa Utendi wa Tambuka, ulikuwa umekwisha kudhoofika kwa vita na fitina, na mshairi anautumia uharibifu wake kama hoja dhidi ya moyo wake mwenyewe. Hahubirii umma, anausemesha moyo, anaukemea, anausihi, kisha anaushika mkono na kuutembeza ndani ya majumba. Anauonyesha zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyochongwa kwa chokaa safu juu ya safu, ambamo mabwana wa Pate walipanga sahani na bakuli za Kichina ili taa za usiku zing'ae juu yake. Sasa zidaka hizo zimekuwa viota vya ndege wa mwituni, popo wananing'inia darini, na mlango hauna wa kubisha hodi. Uzuri wa hoja hii ni kuwa mshairi hautukani ule utajiri. Anaueleza kwa ladha ya mtu aliyeupenda, hata msomaji naye akautamani, ndipo anapomwonyesha ulikoishia. Aliyedharau vyombo vya Kichina tangu mwanzo hana alichokiacha.

Karne moja baadaye, katika mji wa Lamu, Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, aliyatenda yale ambayo Sayyid Abdallah aliyatunga. Nasaba yake ilimruhusu kuketi na wakubwa. Yeye akawafundisha elimu watu wa nasaba duni na wa asili ya utumwa, ambao wakubwa hawakutaka kukaa nao darasa moja, akawatibu wagonjwa kwa dawa za miti, na msikiti wake wa Riyadha ukawa chuo kilichotoa walimu wa Pwani nzima. Alifariki mwaka 1935. Kwake yeye, kujivua kiburi cha ukoo kulikuwa ndiko kuingia mjini.

Zuhudi hiyo ya hiari, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kuigeuza kuwa sheria. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa shirika la kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Naliheshimu sana azimio hilo, na kwa sababu hiyo inaniuma kusema kwamba wengi waliotii waliacha nyumba bila ya kuacha tamaa ya nyumba. Na masharti yalipolegezwa mwaka 1991, tamaa hiyo ilionekana ikingali hai.

Aliyelitangaza azimio hilo, Julius Nyerere, alikuwa Mzanaki wa Butiama, mwana wa mkoa huu huu wa Mara, na Wazanaki nao ni watu wa vizazi vinavyokabidhiana. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliuacha uwaziri mkuu kwa Rashidi Kawawa akaenda kukijenga chama vijijini. Mwaka 1985 aliuacha urais akiwa na nguvu zake, na mwaka 1990 uenyekiti wa chama. Huko Butiama alilima shamba. Naye aliyekwisha kumtafsiri Shakespeare akiwa madarakani, alitumia sehemu ya miaka yake ya mwisho kuzigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili, kwa bahari ile ile iliyokuzwa na washairi wa Pate na Lamu, kazi iliyochapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa kwake.