Safu ya Lugha: Bushi si shokapu

Hapa Ruponda, pikapu kuukuu ikigonga mbele, ngo! ngo!, kila mtu husema "shokapu imekufa". Neno hili linaonewa. Shokapu, jina la mafundi kwa shokomzoba, hutuliza springi; ikichoka, gari huendelea kudundadunda hata likishapita tuta. Mlio wa kugonga mara nyingi hutoka kwenye boljointi iliyolegea au bushi iliyokwisha, ule mpira wenye ganda la chuma kwenye maungio. Na bushi hii haihusiani na "bush" ya Kiingereza yenye maana ya kichaka: neno la kifaa hiki Kiingereza kililitoa Kiholanzi. Mwambie fundi "inagonga" au "inadunda", usimtajie kifaa. Mwache ainue gurudumu, alitikise kwa mtaimbo. Nimeona watu wakinunua shokapu mbili mpya, mlio ukabaki palepale.