Mwalimu alikuwa mkali kiasi gani?

Ukitaka kuanzisha ubishi kijiweni, uliza kama Mwalimu Nyerere alikuwa na msimamo mkali kuhusu afya. Lazima mmoja ataitaja sheria ya 1977 iliyopiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, na ubishi utaishia hapo. Hata mimi niliishia hapo kwa miaka mingi.

Siku hizi nina mashaka. Sheria ile haikuzifunga hospitali za misheni. Ziliendelea kutibu, na baadhi zikapewa ruzuku na kufanywa hospitali teule za wilaya. Mtu mwenye siasa kali kweli si angezichukua, kama shule za misheni zilivyochukuliwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969? Hakufanya hivyo. Alihitaji vitanda vyao.

Ukali wake nauona kwingine, kwenye Azimio la Arusha la 1967. Humo anasema hospitali kubwa ziko mijini, lakini mikopo iliyozijenga italipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya mkulima. Yaani wa mjini anatibiwa kwa jasho la mtu ambaye kwao hakuna hata zahanati. Hapo anayenyooshewa kidole si bepari wa Ulaya. Ni mimi na wewe.

Marehemu bibi yangu hakusoma Azimio, ila 1973 alikaa na wenzake kuzunguka redio wakisikiliza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Choo walichochimba msimu ule alikisimulia mpaka uzeeni, kwa fahari kabisa. Bibi huyohuyo, miaka ya 1990, alifika zahanati akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa tuseme nini? Kwamba Mwalimu alishindwa? Kwa sehemu, ndiyo. Fedha hazikutosha, na 1991 sheria ilirekebishwa, milango ya biashara ikafunguliwa tena. Kuanzia 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama kwenye hospitali za serikali.

Lakini sheria ndiyo iliyorekebishwa. Ile hoja ya Azimio haijajibiwa. Naandika haya nikiwa Dar es Salaam, hospitali ya rufaa iko dakika ishirini kutoka kwangu. Kijijini kwa bibi bado wanalima. Hospitali kubwa bado iko mbali.