Machozi ya Adili



Hapa Chekereni, katika tambarare ya mpunga chini ya Moshi, mzazi anayetetea fimbo ya mwalimu hutaja methali: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nimeisikia vikaoni miaka yote ya ualimu wangu, ikitolewa kana kwamba ni hukumu isiyokatiwa rufaa. Leo nataka kuipima kwa kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni.

Mwaka 1952 Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze. Asili ya kisa chake imo katika Alfu Lela Ulela, lakini mwandishi alikivika vazi la Kiswahili, na majina yenyewe yakawa somo. Adili ni mwenye haki. Nduguze ni Hasidi na Mwivu. Hata mtoto mdogo akisikia majina hayo tu anajua wivu unaelekea wapi. Ndugu hao wanamtosa Adili baharini. Jini Huria anamwokoa, anawageuza waovu wale kuwa manyani, kisha anamwamuru Adili awapige kila usiku.

Tazama sasa mkono wa fundi. Adili anatii, lakini akimaliza kupiga, analia, anawabembeleza na kuwalisha. Mwenye kupigwa ni mkosaji, mwenye kupiga ni aliyekosewa, na bado machozi ni ya mpigaji. Methali yetu inasema atakayelia ni yule aliyeogopa kuadhibu. Shaaban Robert anatuonyesha mtu asiyekwepa kuadhibu, naye analia kila usiku.

Tena mijeledi hiyo yote haimrudishi hata nyani mmoja katika ubinadamu. Njia inafunguka pale mfalme Rai, mpenda wanyama, anapopata habari, akauliza sababu, kisha akawaombea msamaha. Kinachorejesha utu ni swali na maombezi.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kanuni za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, ziliruhusu viboko shuleni Tanzania Bara, na mwaka 2002 kikomo kikawekwa viboko vinne. Sheria inaweza kuhesabu viboko, lakini haiwezi kuhesabu anachojifunza mtoto wa miaka saba anayetazama mwenzake akichapwa. Huenda akajifunza woga, au kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Upole hajaonyeshwa bado.

Wahenga nao hawakuacha methali moja. Walisema pia, "Samaki mkunje angali mbichi." Kitenzi ni kukunja, na anayekunja samaki mbichi hutumia vidole taratibu, maana akitumia nguvu nyama itapasuka. Hii nayo ni elimu ya malezi, na ni ya kale kama ile ya kwanza.

Kwa hiyo nawashauri walimu wa madarasa ya awali wawasimulie watoto kisa hiki, wakifika usiku wa mijeledi wanyamaze kidogo, kisha waulize: Kwa nini Adili analia? Wasiwape jibu. Mtoto akilitafuta mwenyewe, ameanza kuhisi maumivu yasiyo yake, na hapo ndipo wema unapoanzia. Nanyi washairi, tungeni beti fupi ambazo mtoto ataziimba akiwa njiani kwenda shule. Utenzi wa kumwasa mwana ni urithi wetu. Usiachiwe fimbo kazi yake.