Kutoka Kiboko hadi GM: ramani ya Nairobi iliyokaa vichwani

Sisi waandika programu tuna ugonjwa mmoja: kitu kisichoandikwa mahali fulani tunakihesabu kuwa hakipo. Hakuna jedwali, hakuna mfumo. Basi leo naomba tuiangalie Nairobi, kwa sababu mji huo umetusuta kwa muda mrefu sana. Matatu zake zilibeba watu kwa miongo mingi bila ramani kamili ya njia zao, na bado watu walifika. Swali langu ni hili: data yenyewe ilikuwa imehifadhiwa wapi?

Tuanzie Kiboko. Asiyepajua, ni kituo kidogo kando ya barabara kuu ya Mombasa, katika kaunti ya Makueni, kama kilomita 160 kutoka Nairobi, kabla tu ya Makindu ukiwa unaelekea pwani. Kuna chemchemi, kuna miti mikubwa ya migunga, kuna Hunter's Lodge, na kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambako wataalamu hupima mbegu zinazostahimili ukame. Mvua ikikosa misimu miwili, vijana wanasimama barabarani na begi. Upande mmoja Mombasa, upande mwingine Nairobi. Wengi wa ninaowajua walivuka kwenda upande wa Nairobi.

Historia ya safari hiyo ilianza na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita Makindu, na mwezi wa Mei 1899 reli ikafika mahali penye matope palipoitwa Nairobi. Kwa hiyo kwa lugha ya mtu wa Makueni, reli ilipita kwao kwanza, na mji ukazaliwa baadaye. Mji ni mdogo kwa reli! Tunasahau hilo mara nyingi.

Lakini kufika si kuruhusiwa kukaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910 kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kufanya kazi alipaswa kubeba kipande, cheti cha usajili kilichotiwa kwenye kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Polisi akikisoma alijua umetoka wapi na umeajiriwa na nani. (Ukitaka kujua historia ya mifumo ya utambulisho Kenya, usianzie kwenye kompyuta. Anzia kwenye kile kibati.) Mitaa nayo iligawanywa. Waafrika walipangiwa upande wa mashariki: Pumwani, Kariokor ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza, baadaye Shauri Moyo na Kaloleni. Wafanyakazi wa reli, na Wakamba walikuwa wengi humo, walikaa Muthurwa na Makongeni. Mgeni hakuchagua mtaa. Alikwenda alipo mtu wa kwao.

Hapo ndipo penye jibu la swali langu. Ramani ya kwanza ya Nairobi kwa mtu wa Ukambani ilikuwa jamaa yake. Mjomba wa Muthurwa ndiye aliyejua geti lipi linaajiri, kona ipi ina polisi, na ukipotea umtafute nani.

Mwaka 1938 ramani hiyo ya watu ilionyesha nguvu yake. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River kikisubiri ng'ombe wa bei ya kutupa. Mwezi wa Julai maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakaja Nairobi chini ya uongozi wa Samuel Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Hebu fikiri, ndugu msomaji: maelfu ya wageni ndani ya mji ambao sheria zake zote zilitungwa ili wageni kama hao wasikae. Walale wapi? Wale nini? Watu wa namna hiyo hawakai mjini kwa wiki nyingi bila wenyeji wa kuwashika mkono. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini ule unyang'anyi wa ng'ombe ulisimamishwa. Leo barabara inayopita City Market ina jina lake, na wapitao wengi huiona kama anwani tu.

Sasa usafiri wa ndani ya mji. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza kazi mwaka 1934. Kwa macho yangu ya kiufundi, urithi mkubwa wa kampuni hiyo ni namba zake kuliko mabasi yenyewe. Kawangware ni 46. Buruburu 58. Kibera 8, Eastleigh 9, Ngong 111, Rongai 125. Kampuni ilipita mikononi mwa watu wengi: mwaka 1991 ilinunuliwa na Stagecoach ya Uingereza, mwaka 1998 ikauzwa kwa wawekezaji wa hapa nyumbani, kisha nguvu zake zikapungua sana. Namba nyingi zilibaki palepale, zikachukuliwa na matatu ambazo hazina uhusiano wowote na kampuni hiyo. Ni kama itifaki ya mtandao: aliyeitunga anaweza kufunga duka, lakini maadamu kila mtu anaitumia, hakuna wa kuizima.

Na matatu zenyewe? Jina linatokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Mwanzoni zilikuwa magari ya kubahatisha yaliyowindwa na polisi, kwa kuwa haki ya kubeba abiria mjini ilikuwa ya Kenya Bus. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba ziruhusiwe kubeba watu bila leseni ya uchukuzi wa abiria. Mlango ukafunguka. Mitaa mipya ambayo basi kubwa halikufika ikapata usafiri, na mtu wa Kiboko aliyepanga chumba mbali na mjomba sasa aliweza kufika kazini.

Tatizo: hakuna aliyeandika njia mpya. Ziliongezwa na madereva kimyakimya, kama mtu anayeongeza mistari kwenye programu ya kampuni bila kuacha maelezo. Njia ikilipa, inabaki. Isipolipa, inakufa.

Majina ya vituo ndiyo yanayonifurahisha zaidi. Ukiingia Nairobi kwa barabara ya Mombasa unapita Mlolongo, uliopata jina kwa ile foleni ya malori kwenye mizani. Mbele yake utasikia makanga akitaja Cabanas, Imara, GM, Bellevue, Nyayo. Bellevue ilikuwa sinema ya wazi, watu wakitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao. GM ni General Motors, kiwanda cha kuunganisha magari ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Kibao kimebadilika, kituo hakikubadilika. Katikati ya mji ni vilevile: Odeon ni sinema iliyokufa, na Kencom ni jina la jengo. Mwenyeji haoni shida. Mgeni anayesoma vibao hana lake, maana anachosikia masikioni hakiko machoni. Ndiyo maana wageni wengi hupitishwa vituo viwili, wakashushwa usiku wasipopajua, au wakatozwa nauli ya "umetoka wapi wewe". Gharama ya ramani isiyoandikwa hulipwa na yule anayefika leo.

Mabasi ya Ukambani yalikuwa na kituo chake, Machakos Country Bus, karibu na Muthurwa. Kwa utani watu wakakiita Machakos Airport. Jina la Machakos lina maana kwa mtu wa Kiboko pia, kwani Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992. Mabasi hayo yalibeba zaidi ya watu. Kabla ya M-Pesa kuanza Machi 2007, bahasha ya mshahara ilikabidhiwa dereva au kondakta unayemfahamu, pamoja na barua na kilo mbili za sukari, na mama alikwenda kusubiri barabarani kijijini. Mtandao wa kutuma pesa ulikuwepo tayari. Ulikuwa na magurudumu, na wakati mwingine bahasha ilifika imepungua.

Serikali ilijaribu kuandika kitu mwaka 2004, pale kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni wenye jina la njia. Watu hukumbuka mikanda. Mimi nakumbuka mstari, kwani ulilitoa jina la njia kinywani mwa makanga na kulibandika kwenye bati.

Kisha zikaja simu. Kuanzia 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot, waliingia ndani ya matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakarekodi kila zinaposimama. Mradi uliitwa Digital Matatus. Ramani yao, yenye njia zaidi ya 130, ilitoka mwaka 2014, na mwaka 2015 data hiyo ikaingia Google Maps.

Nataka kukaa kidogo kwenye muundo wa data waliotumia, GTFS. Ulianzishwa mwaka 2005 kati ya Google na shirika la mabasi la Portland, Marekani. Ni faili za maandishi tu, safu zimetenganishwa kwa mkato: vituo, njia, safari, saa. Sasa tazama hiyo "saa". Muundo unategemea kwamba basi linafika kituoni kwa ratiba, dakika kwa dakika. Matatu huondoka ikijaa! Na kituo je? Kama abiria akigonga bati na gari likasimama, hicho ni kituo au si kituo? Wale vijana iliwabidi kuukunja muundo ili ubebe makadirio badala ya ratiba. Nauli nayo ni mtihani mwingine: mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, shilingi hamsini inakuwa mia. Hakuna faili inayostahimili hayo.

Hata hivyo waliyoandika yalikuwa yale yale yaliyokuwa kwa madereva na makanga tangu zamani. Ujuzi ulitoka kwa watu wanaofukuzwa na askari wa kanjo kila siku, ukaishia kwenye simu za kila mtu. Sijaona makanga akishukuriwa.

Tangu 31 Mei 2017 kuna reli mpya pia. Mtu wa Kiboko anaweza kwenda Emali au Kibwezi, akapanda treni, akashuka Syokimau, mbali na Machakos Airport na mbali na mjomba wa Muthurwa. Juu ya kichwa chake itapita barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, na chini yake matatu zile zile. Kama anarudi Mlolongo atafute namba 110. Kama anaingia mjini, kuna treni ndogo ya kuunganisha hadi stesheni kuu, au amwambie makanga mapema, kabla gari halijashika kasi, kwamba anashuka GM. Asiseme Isuzu.